Mzigo wa Kura

Mzee Patroba Lihanda hakuwa mtu wa kutuma salamu. Ukimwomba akusalimie ndugu yako anayekaa njiani kwake, alikuangalia kana kwamba umemtwika jeneza, kisha akasema, "Nenda mwenyewe." Akiwa na neno kwa jirani wa ng'ambo ya ua, alivaa viatu, akazunguka mpaka langoni, akabisha hodi, akalisema neno lake ana kwa ana na kungoja mwenziwe alirudie. Watu waliohamia Kakamega baadaye, makarani wachanga na walimu wapya, walimwona mzee mwenye maringo. Wengine walidai kichwa kimemruka kidogo. Walikuwa hawajui walisemalo, na kwa kuwa kutojua hakujawahi kumfunga mtu mdomo, acha mimi nieleze.

Patroba alizaliwa Iguhu, kabla Wazungu hawajaja kuifukua nchi yetu wakitafuta dhahabu. Alipokuwa kijana alichukuliwa kwenda vita vya Hitla. Alidhani atapewa bunduki, wakampa ghala. Uhabeshi alilinda ghala, Burma akalinda ghala, na vita vilipokwisha alirudi nyumbani hajaua mtu wala hajauawa, ila alikuwa amejua jambo moja kuliko wengi: jinsi chakula kinavyosafiri na jinsi kinavyokaa. Gunia halilali sakafuni, hulazwa juu ya mbao. Unga hauwekwi karibu na sabuni wala mafuta ya taa. Kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza. Na fukusi akionekana kwenye gunia moja, usijidanganye, yuko kwenye yote. Kwa elimu hiyo alipata kazi katika ghala la ngozi la mfanyabiashara mmoja Mhindi pale mjini, akaoa, akazaa, akawa mtu wa kawaida kabisa ambaye hakuna mtu angekaa kuandika habari zake.

Kisha ukaja mwaka wa majimbo.

Vijana wa leo wakisikia uhuru hufikiria bendera na ngoma tu. Sisi tunakumbuka na miezi ile kabla ya bendera, ambapo nchi ilikuwa inakatwa vipande na kila mtu anaogopa asijikute kwenye kipande cha mwenziwe. Kule Lugari Wazungu walikuwa wanauza mashamba na kuondoka, na jamaa zetu Waluhya wanaingia kulima mahindi. Majirani Wanandi walisema ardhi ile ilikuwa yao kabla ya Mzungu. Waluhya walisema hivyo hivyo. Kila upande ulikuwa na babu aliyezikwa pale, na mababu wenyewe, kwa kuwa walikuwa wamekufa, hawakuitwa kutoa ushahidi. Mara nyumba ikachomwa upande huu. Mara mbili zikachomwa upande ule. Ng'ombe wakachukuliwa, mtu akapigwa mshale, na familia za Lugari zikakimbilia kwenye uwanja wa kanisa, zikalala chini ya mabati na matandiko ya majani, mashamba yao yakiwa mbele ya macho yao na hakuna anayethubutu kwenda kuvuna.

Mmoja wao alikuwa Ayuma, dada yake Patroba, aliyefuatana naye ziwa. Mumewe alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kibarua Kitale na hakusikika tena. Alikuwa na watoto wawili: Khisa, kijana aliyekuwa anaota ndevu, na Nekoye, msichana mdogo ambaye miguu ilikuwa imeanza kuvimba na nywele kugeuka nyekundu. Patroba alikuwa ameuona ugonjwa huo Burma. Alijua kwamba mtoto wa namna ile akikosa maziwa na maharagwe haendi mbali.

Makanisa ya Kakamega yaliunda kamati ya misaada. Kamati ilikodi lile lile ghala la ngozi, na pamoja na ghala ikampata Patroba. Kwenye karatasi aliitwa mtunza ghala. Kwa kweli yeye ndiye aliyepanga lori liende lini, lipakie nini, lipite wapi na limpe nani, kwa maana wanakamati walikuwa watu wa maombi, na maombi hayafungi turubai. Alilisugua ghala kwa chokaa na majivu mpaka viganja vikachubuka, na bado mahindi yalinuka ngozi.

"Hii kamati yenu ni nzuri," dereva alimtania. "Mtu anapata obusuma, huo ugali wenu, na nyama kwa gunia moja."

Dereva huyo aliitwa Kipsang. Alikuwa Mnandi wa kule ukingo wa milima unaoitazama Kaimosi, alikuwa amechunga ng'ombe utotoni pamoja na watoto wa Kitiriki, na Kiluhya alikijua mpaka matusi. Wanakamati waliguna kusikia wamemwajiri Mnandi. Patroba akawauliza ni nani kati yao ataendesha lori kupita njia ya Kabras hadi mpakani, ambako vijana wa pande zote mbili walikuwa wameangusha magogo barabarani. Hakujitokeza mtu. Basi akabaki Kipsang.

Na wawili hao walipatana. Kwenye gogo la Wanandi alishuka Kipsang, akaongea, akacheka, akagawa sigara, gogo likavutwa. Mbele kidogo, kwenye gogo la Waluhya karibu na kanisa, alishuka Patroba, nalo likavutwa. Uso wa kila mmoja ulikuwa ndio pasi yake. Njiani walibishana juu ya kila kitu, hasa ulimi wa Patroba, ambao kama ndimi nyingi za kwetu haukuona sababu ya kutofautisha herufi mbili zinazokaa mahali pamoja mdomoni.

"Sema lori," Kipsang alimwambia.

"Rori."

"Wewe siku ukiitwa mahakamani utafungwa kwa ajili ya lugha tu."

"Wakinifunga, wewe utanireteanga chakura," Patroba alijibu, na Kipsang akacheka mpaka akakosa gia.

Mara mbili walifika kanisani salama. Kipsang mwenyewe ndiye aliyemkorogea Nekoye maziwa ya unga mara ya pili, akamshikia kikombe, akamsemesha Kiluhya, na mtoto akanywa yote. Ayuma alimwambia kaka yake, "Yule mtu wako wa Nandi ana mkono mzuri." Lakini maziwa yalikuwa kidogo, na walipoondoka Patroba alimwahidi dada yake kwamba safari ijayo italeta maziwa ya kutosha na maharagwe, na kwamba haitakawia.

Wakati huo huo uvumi mbaya ulikuwa unatembea. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na huko Lugari watu waliambiana kwamba lori litaletwa limejaa masanduku ya kura zilizokwisha kupigwa, ili nchi yao ihesabiwe upande wa pili na wao waamke wageni. Nani alianzisha habari hiyo sijui. Najua walioiamini, nao walikuwa wengi, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuona nyumba zao zikiungua, na mtu aliyeona hilo haoni tena lisilowezekana. Karani mmoja alifika pale kwenye gogo la Waluhya na barua yenye mhuri. Vijana wakaichana mbele ya macho yake. Karatasi, walisema, ndizo zinazohamisha mipaka. Tangu siku hiyo barua haikupita. Kilichopita ni neno la mdomo kutoka kwa mtu anayejulikana.

Safari ya tatu iliandaliwa vizuri kuliko zote. Kulikuwa na mahindi ya njano kutoka Amerika, maharagwe, mafuta, na maziwa ya unga ambayo Patroba aliyatafuta mpaka hospitali ya misheni ikamchoka. Springi ya lori la kawaida ilikuwa imekatika, ila kamati ilifanikiwa kuazima jingine la serikali, la rangi ya kijivu. Walilipakia, wakalifunika turubai, wakaazimia kuondoka alfajiri.

Mchana huo mvua ikaja. Mvua ya mchana Kakamega si habari, lakini hii ilikuja na upepo ulioinua mabati ya nusu ya ghala na kuyatupa ng'ambo ya barabara, na maji yakamwagika juu ya magunia yaliyobaki, chakula cha safari zote zilizokuwa zinafuata. Mahindi yaliyolowa hayangoji. Yakikaa gunia moja juu ya jingine yanapata moto ndani, yanaota ukungu, na ukimpa mtu mwenye njaa unampa sumu. Ilikuwa lazima yashushwe, yafunguliwe, yaanikwe, yageuzwe, na hakuna pale aliyejua kazi hiyo ila Patroba. Alisimama kwenye matope akiangalia ghala, kisha akaangalia lori. Akienda, ghala linaoza. Asipokwenda, lori lenye rangi ya serikali, likiendeshwa na Mnandi peke yake, litafika kwenye gogo la Waluhya bila uso wanaoujua.

"Mimi watanikumbuka," alisema Kipsang. "Hawajasahau maziwa."

"Watakukumbuka," alisema Patroba, "lakini acha nitume neno."

Akaenda mbio stendi. Basi lililokuwa likipita kule mpakani lilikuwa limewasha injini, na kondakta wake, Athumani, amening'inia mlangoni. Athumani alikuwa mtu wa Ekero, amekulia chuoni kwa maalimu wa Kurani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, hakina tone la matope. Alijivunia hilo. Abiria wakisema vibaya alikuwa akiwasahihisha kabla ya kuwapa tiketi.

"Salaam aleikum, Athumani."

"Waaleikum salaam, mzee wangu. Wasafiri?"

"Sisafiri. Pale kwa gogo, waambie vijana ile rori ya kesho asubuhi ni yangu, Patroba. Mimi sitakuwa ndani. Ni ya rangi ya serikari, wasishituke. Waambie imebeba vitu vya kura."

Hakutaka kutaja mahindi mbele ya abiria. Ukitaja mahindi kwenye basi siku zile, habari ilifika kwa wezi wa sokoni kabla ya mahindi yenyewe kufika popote.

Athumani alisita. "Vya kura?"

"Vya kura, vya kura! Kwani kuna vitu gani vingine watu wanangojanga huko?"

"Haya, mzee. Nitafikisha."

Patroba alikusudia kula. Mtu wa Iguhu angemwelewa, na mtu wa Kabras angemwelewa, maana masikio yao yamezoea kuipokea hiyo r na kuipeleka panapostahili bila hata kujua wamefanya kazi. Bahati mbaya ujumbe uliangukia kwa mtu aliyekijua Kiswahili.

Na Athumani, niseme haki yake, hakuwa mtu mbaya. Alifikisha. Basi liliposimama kwenye gogo la Waluhya jioni ile alishuka, akawaita vijana, akawaambia kama alivyoambiwa, jina la Patroba, rangi ya lori, asubuhi, mzigo wa kura. Vijana wakamtumbulia macho. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda jambo lieleweke, akawafafanulia na kwa Kiluhya cha kwao Ekero: karatasi za kuchagulia viongozi. Akapanda basi lake akaenda zake, roho imetulia, kazi ya mzee imefanyika.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nikidhani methali hiyo ni ya wasengenyaji.

Alfajiri Kipsang aliwasha lori. Patroba alikuwa tayari juu ya paa na nyundo, amelowa, hajalala.

"Nimwambie Ayuma nini?" Kipsang aliuliza kutoka chini.

"Mwambie nakuja na rori ya pili. Na yale maziwa ya Nekoye yako mbele, chini ya kiti. Mpatie wewe mwenyewe."

"Ukimaliza hilo paa ushuke ule kitu, bwana. Unafanana na ndege aliyekufa."

Akaondoa lori. Patroba aliligeukia bati lake, na siku nzima alishughulika na mahindi, akiyatandaza kwenye maturubai uwanjani jua likitoka, akiyakusanya mawingu yakija, akiyapitisha vidoleni kuona kama yana joto. Yaliyokuwa mabaya yalikuwa machache. Alifurahi. Nalisema hilo kwa sababu yeye mwenyewe hakujisamehe kwamba saa zile zile alikuwa anafurahi.

Lori halikurudi jioni. Hakushtuka sana, barabara zilikuwa tope. Lilirudi basi, kesho yake, na Athumani hakungoja lisimame vizuri. Alikuja moja kwa moja mpaka ghalani, kofia yake mkononi.

"Mzee Patroba. Wamelichoma."

"Wamechoma nini?"

"Lori lako. Pale kwenye gogo. Na dereva wamemuua."

Patroba alikaa juu ya gunia. Kisha akasema, "Wanandi?"

"Siyo Wanandi. Vijana wenu. Wale niliowapa ujumbe."

"Uriwapa ujumbe gani?" Alikuwa amesimama sasa. "Uriwaambia nini, Athumani?"

"Nilivyoambiwa! Kwamba limebeba vitu vya kura."

"Ndiyo! Vya kura!"

"Ndiyo, mzee, kura. Hivyo ndivyo nilivyowaambia."

"Sasa kwa nini wachome, kama uriwaambia ni vya kura?"

Wakatazamana. Nimesikia habari za watu waliotumbukia kisimani wakaona maji yanawajia. Nadhani walikuwa na nyuso kama zile. Athumani ndiye aliyeelewa kwanza. Aliinama, akazoa punje chache za mahindi zilizokuwa sakafuni, akazinyanyua mbele ya macho ya Patroba.

"Hizi?" aliuliza. "Mzee, ulikusudia hizi? Za kutia tumboni?"

Patroba alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. Wachukuzi waliokuwa nje walisema walidhani ng'ombe ameingia ghalani.

Habari kamili ilikuja kwa polisi. Vijana walikuwa wamelingoja lori tangu kabla ya mapambazuko, wengi kuliko siku zote. Walimtoa dereva, wakampiga kwa rungu na mapanga mpaka akafa, wakatia moto. Turubai liliungua, kisha magunia yakashika, na harufu ikawafikia. Hakuna mtu wa kwetu asiyeijua harufu ya mahindi yanayochomeka. Polisi walikuta vijana wale wale waliochoma wakivuta magunia kutoka motoni kwa mikono mitupu, wengine viganja vimebanduka ngozi, wengine wamekaa kando ya barabara wamefunika vichwa. Hawakuokoa cha maana. Akina mama wa kanisani walikuja na vikapu wakaokota punje zilizoungua nusu, wakiwa wanalia, lakini waliokota, kwa sababu mwenye njaa hana miiko.

Mkewe Kipsang, Jelagat, alikuja Kakamega na shemeji yake Kiplagat kuuchukua mwili hospitalini. Patroba alimngojea nje akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amejiandalia maneno mengi. Jelagat alimtazama, mwanamke mrefu, macho makavu, akauliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa amebeba nini?"

Patroba aliogopa kufungua mdomo wake. Mwisho akasema, "Mahindi."

"Ya nani?"

"Ya watu wetu."

Jelagat aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei sokoni na kuiona haina maana. "Basi mmechoma mahindi yenu na mume wangu," alisema. Kiplagat alikuwa amekunja ngumi, lakini mwanamke alimshika mkono wakaenda. Patroba alisimama pale mpaka mlinzi wa hospitali akamuuliza kama ana mgonjwa.

Kamati ilitaka kufunga kazi. Walisema Mungu amesema, watu wale hawasaidiki, wacha serikali ishughulike. Patroba, ambaye hakuwa amewahi kubishana na mchungaji maishani mwake, aliwaambia kwamba waliochoma walikuwa kundi la vijana, na wanaokufa njaa ni watoto, na kwamba yeye ataondoka hata kwa mkokoteni. Alipatikana dereva, Wanyonyi, mtu mkimya. Lilipatikana na lori. Yale mahindi aliyoyaokoa na mvua yalipakiwa, maharagwe na maziwa yakaombwa upya. Lakini kuomba upya kunachukua siku, na kila siku aliyongoja Patroba alikuwa anaiona ile miguu iliyovimba.

Walipita Kabras, wakapita gogo la Wanandi. Hapo hapakuwa na kicheko wala sigara. Wanaume walilizunguka lori, wakamtazama Patroba, mmoja akatema mate chini, kisha gogo likavutwa. Kwenye gogo la Waluhya hapakuwa na mtu. Palikuwa na doa jeusi barabarani na vyuma. Wanyonyi alipunguza mwendo, akavua kofia, akapita.

Ayuma alikuwa amesimama langoni kwa kanisa. Alikuwa peke yake, hana mtoto mgongoni, na Patroba alijua kabla hajashuka.

"Juzi," Ayuma alisema. "Tumemlaza kule nyuma, karibu na mti."

Patroba alimshika dada yake, wakakaa hivyo kidogo. Alikuwa na maziwa ya unga chini ya kiti. Hakuyataja. Angelia, alitaka kulia, lakini mstari ulikuwa umekwisha kujipanga, wanawake na wazee na watoto wenye matumbo makubwa, na wote walikuwa wanaangalia turubai. Akaenda kufungua.

Aligawa mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda mbele ya gunia lililofunguliwa, kopo mkononi na kijiti mapajani. Kila mmoja alipata kopo lililojaa, kijiti kikapitishwa juu lisipungue wala lisizidi, likamiminwa. Aliyefuata. Kopo, kijiti, kikapu. Aliyefuata. Kazi ilimshika, akawa haoni nyuso tena, anaona vikapu.

Kikapu kimoja kilishikwa na mikono iliyofungwa vitambaa. Alinyanyua macho. Alikuwa Khisa, mwana wa dada yake. Alikuwa amekonda mpaka shingo ikaonekana ndefu. Patroba aliitazama ile mikono, na Khisa akaona kwamba ameitazama.

"Khotsa," alisema kijana kwa sauti ya chini, kwa Kiluhya, jinsi mtu anavyomwita mjomba wake, "nilikuwepo."

Kopo lilikuwa ndani ya gunia. Lilibaki humo.

"Nilimjua," Khisa alisema. "Wote tulimjua. Alishuka akatuamkia, akatuambia kwa lugha yetu kabisa, neno kwa neno, kwamba ni chakula. Akasema yako na maziwa ya Nekoye chini ya kiti. Akataka kufungua turubai tujionee."

"Sasa kwa nini hamkumwacha afungue?"

"Wenzangu walitaka kumwacha. Mimi ndiye nilikataa." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuweza kuyafuta kwa ile mikono. "Niliwaambia huyu anatudanganya. Neno la kutuonya juu ya kura tumeletewa tangu jana, limetoka kwa khotsa wangu mwenyewe, na khotsa wangu hajawahi kumdanganya mtu."

Nyuma yake mwanamke mwenye mtoto alisogeza kikapu chake mbele kidogo. Patroba alitoa kopo. Lilikuwa limejaa. Alipitisha kijiti juu yake, punje zilizozidi zikarudi guniani, akamimina lililobaki katika kikapu cha mwana wa dada yake. Kijana hakuondoka. Alisimama pale, kana kwamba kuna kitu kingine ambacho alikuwa bado hajapewa.

"Anayefuata," alisema Patroba.